Mawe Matano Niliyoyakataa

Nimekawia kuisimulia habari hii, na si kwa sababu niliisahau. Wengi wenu mlikuwa katika ukumbi wa parokia Jumapili ile, mkanipigia makofi, na makofi yale ndiyo yanayonisumbua hadi leo, maana katika ukumbi mzima tulikuwa watatu tu tuliojua kwamba mnamshangilia mtu anayezama.

Mnajua mimi ni mtu wa dame, ule mchezo wa kulana vizibo ubaoni. Tangu nikiwa fundi wa mitambo kiwandani, hapa Panda, mjini Likasi, hakuna aliyekaa mbele yangu na vizibo vyake vya chupa akaondoka anacheka (marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba ningeishughulikia nyumba kama ninavyoishughulikia dame, paa lisingevuja). Kwa hiyo Mwalimu Honoré, jirani yangu aliyefundisha hesabu miaka mingi, aliponiita anionyeshe mchezo wa Wachina uitwao Go, aliousoma katika kitabu alichotumiwa na mwanawe, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuokota ushindi mwingine.

Ubao aliuchora mwenyewe, mistari kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kukata. Mchezo unataka mawe meusi na meupe; meusi hakuyapata, basi upande mmoja alitumia vijiwe vya kijani alivyopewa na wachimbaji wa Kamatanda, na upande wa pili vijiwe vyeupe alivyookota kandokando ya reli. Unaweka jiwe moja, mwenzako anaweka lake, na likishawekwa halitembei tena. Ukilizungushia la mwenzako pande zote, unalitoa. Lakini anayetoa mengi si lazima ashinde. Anashinda aliyejizungushia nafasi kubwa zaidi ubaoni. Hilo la mwisho nililisikia kwa masikio tu, mikono haikulisikia.

Kila Jumamosi alinipiga mchezoni. Katika Go, mtu dhaifu hupewa mawe, yaani anaweka kadhaa ya kwake ubaoni kabla mchezo haujaanza, ili apate pa kushikia. Nilianza na tisa. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa nimeshuka hadi matano, na kwa matano yale nikaanza, mara mojamoja, kumshinda Mwalimu. Hapo nikafanya kosa dogo lililozaa mengine yote: nilipokwenda kwenye dame nilisema leo nimemshinda Mwalimu, na habari ya mawe matano nikaimeza.

Yeye hakuwa mtu wa sifa. Siku moja tukiosha vijiwe aliniambia jambo ambalo ningepaswa kulishika.

"Weye iko na bahati, Fulgence. Weye iko na muntu wa kukupiga. Minye, nani atanipiga? Muntu hawezi kujifunza kama hakuna wa kumupiga."

Basi ikaja habari kwamba mpwa wa Mama Régine wa kwaya, Injinia Charlotte, aliyesoma China miaka saba na kucheza Go huko na wakali, angepita Likasi Jumapili akitoka Kolwezi. Gari lake lingeondoka saa kumi na moja kwenda Lubumbashi, na kesho yake angepanda ndege kurudi China. Mwalimu aliomba ukumbi wa parokia. Akanyoosha koti alilovaa kwenye ndoa ya binti yake. Watu wa dame niliwaalika mimi mwenyewe, waje wanione.

Tulikusanyika saa nane. Kwa heshima ya mwenyeji, Mwalimu alisema mgeni aanze na mimi kidogo, halafu yeye afuate. Alihesabu kwamba mchezo wangu ungekwisha mapema. Akaanza kuyapanga yale matano ya kijani, na Papa Mbuyu, ambaye nimemfunga dame mara zisizo na idadi, akauliza kwa sauti: "Banamupa mawe mbele juu ya nini? Champion iko mugonjwa?"

Watu wakacheka. Nikayafagia mawe yale kwa kiganja.

"Ondoa, Mwalimu. Minye si mutoto."

Injinia Charlotte alinieleza kwa upole kwamba ndiyo desturi ya mchezo, haina haya yoyote. Nikamwambia aanze. Mwalimu aliinama akaokota lililoanguka.

Sasa, katika dame kula ni lazima. Usipokula, kizibo chako wanakipuliza na kukitoa. Miaka arobaini sheria hiyo imelala vidoleni mwangu. Yule dada akaacha mawe mawili wazi, nikayala, ukumbi ukapiga makofi. Akaacha matatu, nikayala, Mbuyu akasema mtoto wa watu atarudi China na njaa. Mimi nakula, na wakati huohuo vijiwe vyeupe vinaota pande zote za ubao kama ukuta wa mtu anayejenga bila kupiga kelele. Ilipofika saa tisa nilijua nimekwisha.

Mwalimu alikuwa amenifundisha: anayejua amepoteza anaweka mawe yake mawili pembeni mwa ubao, anashukuru, basi. Kujua mapema ni nusu ya kujifunza. Nilikuwa na mawe mawili kiganjani, yamepata joto. Lakini watu walikuwa wananitazama, na nilipoinua macho nikaona nyuso zenu zote zinafurahi. Nikayatia mfukoni, nikachukua jiwe lingine, nikaendelea.

Yule dada hakuweza kumwambia mzee wa umri wa baba yake aache. Mwalimu naye, kwa adabu ileile, alikaa na koti lake lililofungwa vifungo, akitazama saa ya ukutani, kisha ubao, kisha saa. Saa kumi na nusu dereva akasimama mlangoni. Tulimaliza ikiwa imebaki robo saa. Charlotte alihesabu haraka na kwa sauti ya chini, ili hesabu isisikike mbali, na Mbuyu akainua bakuli langu la mawe niliyokula, makofi yakalipuka, nami (hili ndilo ninaloliungama) nikanyamaza.

Mama Régine ndiye aliyemwuliza mpwa wake waziwazi: "Charlotte, weye njo umepoteza?"

Mtoto aliyelelewa vizuri hamdanganyi shangazi yake mbele ya watu. Alitazama chini.

"Hapana, Tantine. Papa alipoteza tangu saa tisa."

Kisha Mbuyu, bakuli bado lipo juu: "Tangu saa tisa? Sasa tulikuwa tunapiga makofi ya nini?"

Kicheko kile kilinifuata barabarani, na mpaka leo nikipita kuna anayeniuliza saa ngapi, mwenzake akajibu saa tisa. Nilikistahili. Lakini si hicho kinachonikosesha usingizi. Ni kwamba Charlotte alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akaomba radhi kwamba wakati umekwisha, siku ingine; na Mwalimu akajibu, "Siku ingine," nao wote wawili wanajua siku hiyo haipo. Kisha akavikusanya vijiwe vyake peke yake, koti bado mwilini.

Kesho yake nilikuta mawe mawili ya kijani mfukoni mwa suruali. Nikaenda kwa Mwalimu, nikayaweka pembeni mwa ubao, nikasema nimepoteza.

"Umechelewa, Fulgence," akasema. Halafu akasogeza kiti chake, akaanza kunipangia mawe matano.

Sasa nina miaka sabini na mmoja. Kwenye dame nikiulizwa nasema wazi napewa mawe mangapi na Mwalimu. Simtafuti tena wa kumshinda mbele ya watu. Nataka tu, kabla mmoja wetu hajaondoka, Mwalimu apate muntu wa kumpiga, na kwa kuwa mwingine hayupo, itabidi niwe mimi. Jumamosi iliyopita tulicheza kwa mawe matatu. Nilipoona nimepoteza, niliweka mawili pembeni na kushukuru. Ilikuwa saa tisa tu, tukapata nafasi ya kucheza tena.