Folda Yake Ndani ya Folda Yangu

Mume wangu alijifunza kuandaa mradi wa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa upande mmoja wa mlango, mimi nikiwa upande wa pili na korona yangu. Nyumba yetu ya Rooty Hill ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Wakati ule magharibi yote ya Sydney ilikuwa imefungiwa ndani, nami nikafungiwa ndani ya kufungiwa. Yeye vipimo vilimwacha salama, akahamia kwenye kochi na blanketi la wageni.

Hoteli ya mjini alikokuwa mpishi ilikuwa imezima majiko, na hakuna aliyejua yangewashwa lini. Mimi ndiye niliyemsukuma ajiunge na darasa la programu kwa mtandao, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na nilijua ana kichwa. Tatizo lilikuwa Ijumaa. Ijumaa asubuhi kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha mradi wake ukifanya kazi mbele ya wenzake wote.

"Ukigoma mbele za watu, naacha," aliniambia. "Na usinitajie tena kompyuta humu ndani."

Nilimjua. Mtu huyu hakurudi tena kwenye kwaya kwa sababu ya noti moja aliyokosea.

Alhamisi mchana akaniletea uji wa tangawizi. "Hodi," akasema. Alipiga hodi kila mara, kwenye chumba chake mwenyewe, kisha akaweka bakuli chini na kurudi nyuma hadi jikoni ndipo nifungue.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimtania, sauti imenikauka.

Akacheka. Halafu akavuta kiti karibu na mlango nilipokwisha kuufunga, akaweka magotini laptopu yangu ya zamani, ile niliyosomea, na somo likaanza. Mimi nilikaa sakafuni na shuka mabegani.

"Unaona nini?"

"Mekundu."

"Mekundu wapi?"

"Kila mahali, mama. Kama nimechinja."

Subira si kipaji changu, na homa haikuniongezea. Nilimwambia asome maneno ya juu kabisa, asiniletee rangi. Akasoma. Kumbe ile programu ya kuandikia ilikuwa inauliza itumie Java ipi, naye alikuwa ameipakua Java jana yake na kuiacha tu, bila kuiambia programu iko wapi. Nikamwelekeza. Nikasikia akibofya, akiguna, akibofya.

"Eeh! Ime-calm down."

"Haya, bonyeza kile kitufe cha kijani."

Akabonyeza.

"Imeandika kitu," akasema. "Lakini si changu."

"Imeandika nini?"

"'Nimefika salama.'"

Bakuli la uji nililiweka chini. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyaandika miaka mingi nyuma, mwanafunzi mgeni katika chumba cha kupanga Blacktown, siku mwalimu alipotuambia tuifanye kompyuta itoe salamu. Wenzangu waliandika "Hello, World", wakaisalimu dunia kama ilivyo desturi ya wanaoanza. Mimi niliandika ujumbe niliomtumia mama nilipotua, kwa sababu nilikuwa nikilia kila jioni na sikuwa na salamu nyingine. Mume wangu alikuwa ameufungua mradi ule wa zamani na kuuweka wake ndani yake. Kitufe kilikuwa kinaendesha wangu.

"Kwa nini umeweka folda yako ndani ya yangu?"

"Sasa ningeiweka wapi? Mwenyeji si wewe?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Hivyo ndivyo sote tulivyoingia mji huu: unafikia kwa mtu wa kwenu, unatupa begi kwenye kona yake, unalala godoro la sebuleni mpaka uijue njia ya treni. Hata yeye, alipokuja kunifuata, begi lake lilikaa juu ya langu kwa miezi kabla hajanunua kabati. Nani angemwambia kwamba kwa folda si hivyo?

"Java haina undugu, bwana," nikamwambia. "Toka humo ukajenge kwako."

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza. Funga huo, fungua New Project, folda mpya. Kando ya yangu, si ndani."

Akabofya mara moja. "Kando kabisa?"

"Jirani. Ukuta kwa ukuta."

Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye mlango. Nilimpenda sana saa ile, na niliogopa kifua changu kuliko nilivyomwonyesha, kwa hiyo nikamkaripia kuhusu jina la folda.

Ijumaa nilizima hita ili nisikie vizuri. Zamu yake ilipofika, sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu anayeomba kazi. Akabonyeza. Nami nikabana pumzi, nikibana na kikohozi.

Mwalimu, Mwaustralia mchangamfu, akaanza kusoma kilichotokea kwenye skrini, akiyavunja maneno vipande vipande. Nilichelewa kuyatambua. "Mgeni amefika. Mwenyeji apone."

Hakuwa ameniambia angeandika nini.

"Lovely," mwalimu akasema. "What does it mean?"

Mume wangu akafikiri. Kisha, kwa Kiingereza chake cha polepole, akalieleza darasa zima kwamba mke wake anaumwa, yuko nyuma ya mlango huu hapa, na yeye yupo upande huu.