Mkono wa Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara hakunipa sindano. Alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akanifunga mpira juu ya kiwiko, akanitoa damu mimi. "Sasa unajua unaomba watu kitu gani," akasema. Alikuwa mama mwenyeji wa Kakiika, kando ya mji wa Mbarara, Uganda, asiyependa maneno mengi. Mimi, Musafiri, nilikuwa mkimbizi kutoka Kivu Kusini, Kongo, hadi jana yake mfagiaji wa chumba kile, niliyejisomea biolojia katika vitabu vichakavu vya Kifaransa.

Tulikuwa tukitafuta hali moja ya damu isiyo na dalili. Chembe fulani za uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, huanza kutengeneza protini ya aina moja tu. Wengi huzeeka nayo salama. Kwa wachache, baada ya miaka, hugeuka kuwa saratani inayovunja mifupa na kuharibu figo. Kabla haijageuka haitibiwi. Mtu hupimwa kila mwaka, ili ikigeuka ishikwe mapema. Madaktari walitaka kujua inavyowapata watu wa asili mbalimbali, kwa hiyo tulipima wauza maziwa wa Bwizibwera, kisha Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Damu iliachwa igande, ikazungushwa kwa mashine hadi majimaji yake yajitenge, ndipo yakapelekwa Mbarara katika kisanduku cha barafu. Huko tuliyaweka juu ya jeli na kupitisha umeme. Protini za kawaida huenea kama wingu. Ile tuliyoitafuta husimama kama mstari mmoja mweusi.

Katika kambi, kila nyumba ilichaguliwa mtu mzima mmoja, na kichupa chake kiliandikwa mapema, bila jina, namba tu ya kadi ya posho, ile ya kupokelea chakula cha msaada. Mstari mweusi ukaonekana kwa mkulima wa Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi, Papa Byamungu. Kanuni ilikuwa kurudia kipimo. Nilimtoa damu, naye akageuza uso ukutani. Safari hii mstari haukuwepo. Nikafurahi, nikasema labda mashine ilikosea.

"Ssebo, mashine iko sawa," mkuu wa maabara akajibu, akiniita bwana kwa lugha ya kwao, bila kuinua kichwa. "Huu mstari iko na mwenyewe. Enda umtafute."

Nilimkuta mke wa Byamungu, Mama Neema, akipepeta maharage. Nikauliza ni nani aliyekuja siku ya kwanza. Akacheka.

"Njo mimi, Papa Musafiri! Bwana alikuwa ku shamba. Nilikuya na kadi, nikasimama pa fasi yake. Ku posho si tunafanyaka vile?"

"Mama, kwenye posho simama mahali pake, posho ni ya nyumba. Damu ni ya mtu."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Kusema ile kitu ni yangu?"

"Tutapima tena. Lakini nadhani ni yako."

Akaanza tena kupepeta. "Afazali. Yeye anaogopaka sindano mingi."

Ilikuwa yake. Tangu hapo hatukuandika kichupa kabla ya mwenyewe kutaja jina lake. Kila mwaka Mama Neema alikuja akitania, "Nimekuya mwenyewe, bila kadi!" Mstari ulibaki mwembamba.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, alikuja Papa Byamungu peke yake. Akakaa kwenye kiti chetu cha kupimia kambini, akakunja mkono wa shati.

"Mama mugongo inamuuma, hawezi tembea," akasema. "Alisimamaka pa fasi yangu. Leo ukamate ya kwangu."

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Hakushusha mkono wa shati. Nikachukua kisanduku, tukaenda nyumbani kwake. Mstari ulikuwa umenenepa, ikionyesha hali ile inageuka saratani, na mkuu wa maabara, naye akikaribia kustaafu, akamtafutia Mama Neema kitanda hospitalini Mbarara wiki hiyohiyo. Figo zilikuwa bado nzima. Alianza dawa, na nilipoacha kazi alikuwa akitembea kwa fimbo. Ugonjwa ule hauondoki kabisa. Hilo tuliwaambia wote wawili.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza habari za mashine mpya, ambazo sizijui. Ninachojua ni kushika mkono, kuuliza jina, na kungoja mwenyewe ajibu. Siku ile Kashojwa nilifunga mpira juu ya kiwiko cha Mama Neema, naye akataja jina lake polepole. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa shati lake bado umekunjwa, na safari hii hakugeuza uso.