Baba Yangu Hayuko Somalia

Uongo huo niliuanzia dukani, nikinunua sabuni. Mama Ocira, jirani yetu hapa Mbuya, Kampala, na mke wa sajenti, aliniuliza mbona siku hizi baba haonekani. Mdomo wangu ukajibu bila kuniuliza mimi: "Alienda misheni. Somalia." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ningejua kitakachofuata, ningeenda kununua sabuni mtaa wa mbali, Kyebando.

Ukweli ni huu. Mama aliondoka nikiwa darasa la tano, akaenda Juba na mfanyabiashara mmoja. Baba, Koplo Okidi, alihamishiwa Masindi, humuhumu Uganda, mwezi wa pili mwaka huu, akasema atarudi kunichukua mwisho wa mwezi. Mwezi wa nne akaacha kupokea simu zangu. Mwezi wa tano akabadilisha picha yake ya WhatsApp: yeye, mwanamke nisiyemjua, na kitoto kichanga kilichovalishwa kofia ya sufu. Nikabaki peke yangu katika chumba chetu cha kupanga, nikisuka watu nywele ili nile.

Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Mtoto akikimbiwa na mzazi mmoja, watu humhurumia. Akikimbiwa na wote wawili, wanaanza kumchunguza yeye.

Mama Ocira hakuliacha jambo pale dukani. Alhamisi hiyohiyo alinishika mkono hadi kwa Rahmah, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambako wake wa askari walioko Somalia hukutana kila Alhamisi alasiri. Walikuwa sita, Waislamu na Wakristo. Rahmah alifungua kwa dua, Mama Ocira akafunga kwa jina la Yesu, na katikati kila mmoja aliweka mkekani shati la mwisho alilolivua mumewe kabla ya kuondoka. Shati hilo, kwao, halifuliwi mpaka mwenyewe arudi.

Mimi nani aliniambia? Alhamisi ya pili nilileta shati la baba limefuliwa, limenyooshwa kwa pasi, linanukia. Wakatazamana. Nikajua nimekwisha. Rahmah akalichukua taratibu, akalilaza kando ya lile la mumewe, Wahabi.

"Huyu mtoto," akasema. "Hakuna mtu alimufundisha."

Tangu siku hiyo nikawa wao. Nilipougua malaria walikuja kwa zamu, na Rahmah alinipikia uji akanisimamia mpaka nimalize. Lakini kila Alhamisi jina la Okidi lilisomwa, na wanawake wazima wakashinda na njaa, wamefunga kwa ajili ya mtu aliyekuwa Masindi akila nyama choma. Nilijichukia. Kila wiki nilijiapiza kusema, kisha jioni napewa sahani ya chakula, nakimeza pamoja na maneno yangu.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, redio ikatangaza kwamba kambi moja ya askari wetu Somalia imeshambuliwa. Familia zikapewa namba ya simu ya kuulizia watu wao, na sote tukakusanyika kwa Rahmah. Namba yenyewe ilikuwa haishikiki. Saa mbili nzima wanawake walipiga bila mafanikio, ndipo Mama Ocira akapata. Mumewe alikuwa salama. Hakuikata simu, akaipitisha kwa mwenzake, naye kwa mwenzake, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba mtu wake ni mzima.

Wakabaki wawili: Wahabi, na Okidi wangu. Midomo ya Rahmah ilikuwa imekauka, nyeupe. Hata hivyo akasema, "Mtoto kwanza. Adoch, uliza baba yako."

Nikawekewa simu mkononi. "Nani mwingine? Haraka, nnyabo," ofisa akasema, akiniita bibi kwa Kiganda.

Nikaiziba kwa kiganja. "Hayuko huko," nikasema. "Yuko Masindi na mke mwingine. Aliniacha. Nimewadanganya."

Mama Ocira akaruka. "Nini? Sisi tulishinda njaa juu ya baba yako! Toka!"

Niliutazama mlango. Viatu vyangu vilikuwa pale pale. Rahmah akanyoosha mkono achukue simu, lakini ikamponyoka, nikaidaka. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Kama simu ingekatika, nani angejua tungeipata tena lini? Nikairudisha sikioni, uso ukiniwaka moto, nikamtaja Wahabi na kikosi chake.

"Wewe nani yake?" ofisa akauliza. "Tunaambia familia tu."

Uongo mmoja ulikuwa umenitosha maisha. Rahmah, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno, akanikazia macho, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na ghafla sauti ikamrudia.

"Mwambie wewe mtoto yake. Sema!"

Mama Ocira akafyonya, akageuzia uso ukutani.

"Mimi mtoto yake," nikasema.

Nikasikia karatasi zikipekuliwa, muda mrefu. "Aliumia mguu, lakini iko mzima. Iko hospitali. Ambia mama yako aache kulia."

Nikageuka. Aibu ilikuwa bado imenijaa usoni, na wanawake walikuwa wakiiona.

"Mama," nikamwambia Rahmah, "amesema uache kulia."