Mchinja mbuzi aliyetaka kuona goti likitembea

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale: yule mchinja mbuzi, Mkongomani wa Kivu Kusini niliyewahi kumwandika hapa, amefariki kwa homa ya mapafu. Wasomaji wangu mnanijua, siamini jambo upesi; hata hilo nilimpigia mtu wa pili kuhakikisha. Lilikuwa kweli, na liliniuma.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoifanya mifupa iteleze kwenye kiungo, ilikuwa imelika, naye aliijua kuliko mimi kwa sababu kisu chake kiliipitia kila siku. Hakuweza tena kutembea hadi mnada wa Rugaaga kujichagulia mbuzi, akawa analetewa waliokonda. Ndipo akasikia habari za kliniki moja hapa Mbarara iliyotangaza sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ikichanganywa na vichochezi vya ukuaji. Goti jipya, walisema, kwa wiki chache tu. Nilimsindikiza, uso nimeukunja tangu mlangoni.

Alimsikiliza mhudumu hadi mwisho, kisha akasema, "Muniletee ule mutu mulishaponyesha. Ashuke ile kilima, miye niko naangalia. Sinunuaka mbuzi bila kuiona inatembea."

"Mzee, hapa si soko ya mbuzi," mhudumu akajibu, akimsogezea picha za magoti.

"Picha haitembeake," akasema, akachukua fimbo yake tukatoka. Nilicheka njia nzima, na safu niliyoandika wiki ile ilisifiwa mno.

Laiti ningeishia hapo. Miezi kadhaa baadaye alinipigia. Daktari wa mifupa wa hospitali nyingine alikuwa amemwambia kwamba tiba hiyo ya seli bado inachunguzwa, na kwamba hajui kama ingefaa goti lililochakaa kiasi kile. Lakini aje wampime, wamfundishe mazoezi ya kupunguza maumivu. Mzee aliuliza aende au asiende. Nilikuwa na haraka, na zile sifa zilikuwa bado zimenivimbisha kichwa. Nikamwambia hao wote ni walewale, akae nyumbani.

Msibani mkewe alinipa kiti, akaketi karibu yangu. Hakupandisha sauti.

"Miye nilimuambia aende. Akakatala. Alisema weye ni mutu wa kusoma, anangoja ubadilishe mawazo."

Aibu niliyoipata pale ninayo hadi sasa. Kushuku ndiyo kazi yangu na sitaiacha, maana kliniki za picha bado zimejaa. Lakini mzee alishuku ili aulize, mimi nilishuku ili nisisumbuke kuuliza. Mwaka wake wa mwisho aliumaliza kitini, akiuguza goti ambalo sikuwa najua lolote juu yake. Mtu akikuomba ushauri kuhusu mwili wake nawe hujui, mwambie hujui.