Pikipiki ya Posa

Biashara ya sangara ilipomnyookea, Elias Chenge aliagiza kutoka Italia pikipiki nyekundu ya mashindano. Usukani wake ulikuwa chini kiasi kwamba mwendeshaji alilala juu ya tangi, kichwa mbele, makalio juu. Elias aliamini hakuna wazazi watakaoikataa posa iliyofika kwa mwendo kama huo.

Jumapili akaenda nayo Kisesa, kwa kina Wilhelmina, binti aliyetaka kumposa. Kwenye lami alipita kama upepo, lakini kwenye njia ya ng'ombe ilibidi ajikokote, injini ikichemka na kumuunguza mapaja. Akaingia uani kiuno kimekaza, asiweze kuinuka.

"Shikamoo, mama," alisema, macho kwenye tangi.

Mama yake Wilhelmina aligeukia ukutani kwa aibu. Shangazi mtu, ambaye aibu hakuijua, aliizunguka pikipiki taratibu.

"Inakimbia kweli, baba?"

"Kuliko gari lolote mkoani, shangazi."

"Na binti yetu atakaa wapi?"

Elias aligeuza shingo kwa taabu. Nyuma yake Waitaliano walikuwa wameweka mkia mwembamba, umechongoka kama wa mbayuwayu.

"Nenda salama, mwanangu," shangazi akasema. "Aliyeitengeneza hakutaka uoe."