Sinia la Papai

Harufu ya papai bivu ilinifuata hadi Burnsville, jikoni kwa mwanamke Mliberia, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha. Nilikuwa nimetoka mbali kufika pale. Niliondoka Kaloleni na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima, nikakaa Mombasa, nikakaa Dar, nikapika kwenye kambi ya vibarua Maskati, mwisho bahati nasibu ya viza ikanitupa Minnesota. Kila mji nilikaa mpaka nilipoanza kuota nyumbani, kisha nikahama. Nilidhani mtu akihama vya kutosha, ndoto zitapotea njia ya kumfikia.

Mama Korto alikuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi. Vitabu vyake vyote vilikuwa vya kwao Afrika Magharibi: maiti kisimani, chifu mwongo, dawa ndani ya supu. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kushoto, na miaka ile, kati ya elfu mbili na kumi na elfu mbili na ishirini, mimi ndiye niliyemhudumia asubuhi. Nilimpikia, nilimpa dawa, nilim-drive kliniki, kama tusemavyo Wakenya wa kule. Yeye aliandika kwa mkono mmoja na kunitukana kwa mdomo mzima. "Karisa, hii ni chai au maji ya kuoshea gari?"

Asubuhi moja alikuwa amekwama. Alikuwa akiandika kuhusu kijiji ambako mtuhumiwa hunyweshwa maji ya gome la mti wenye sumu. Asiye na hatia hutapika akapona. Mimi nilikuwa namkatia papai. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba kwetu kiapo cha namna hiyo kililiwa kwa papai.

Akaisukuma kompyuta. "Kaa. Anza mwanzo, na usinipambie."

Basi nikamsimulia, kama ninavyokusimulia wewe.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipokufa. Alitapika siku tatu, ya nne tukamzika. Bibi Dama, mama yake mzazi, alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kwetu macho mekundu ya mzee hayakuwa ugonjwa, yalikuwa ushahidi. Aliniita mume wangu, kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu, na kila jioni alininunia eti mume gani huyu hajanunua hata kanga moja. Baba mdogo Katana, mtoto wa mke mwenza wa bibi, ndiye aliyetamka kwanza neno uchawi. Bibi alikuwa amemkatalia kuuza shamba la minazi. Hilo nililijua, lakini mtoto hujua mambo mengi bila kuyaunganisha.

Akaitwa mganga wa kiapo. Alilikata papai vipande, akavinenea maneno yake; kila mtu mzima wa mji, kama tuitavyo boma la ukoo, ale kimoja, na mchawi mdomo umvimbe. Sinia lilitakiwa libebwe na mtoto wa marehemu, yaani mimi. Baba mdogo alilipokea kwa mganga, akaenda nalo nyuma ya jiko kutafuta kawa la kulifunika nzi wasitue, akarudi akanikabidhi. Lilikuwa sinia jeupe la bati, limechorwa ua jekundu ukingoni. Aliniinamia, akanishika bega, na vidole vyake vikanata kwenye shati langu. Nikajua ni utomvu wa papai.

"Hiki cha kwenye ua jekundu mpe bibi yako," aliniambia kwa upole. "Ndicho laini. Hana meno yule."

Nilifurahi. Ndugu msomaji, naomba ulijue hilo. Nilifurahi kwamba siku ile, katika mji mzima, kuna mtu mmoja amemfikiria bibi yangu.

Bibi alikipokea akicheka. "Leta, mume wangu. Cha mkononi mwa mtoto hakina uchungu."

Hakumaliza kumeza. Midomo ilimvimba ikapasuka malengelenge, ulimi ukawa haumtoshi kinywani. Alinitazama mimi, si mganga. Vijana walimfukuza kwa mawe mpaka ng'ambo ya bonde. Alipatikana siku ya tatu, na hakuna aliyeuliza amekufaje. Sikulia. Alikuwa ameniulia baba, na papai lilikuwa limesema.

Nilipomaliza, Mama Korto hakunipa pole.

"Papai lilikuwa bichi au bivu?"

"Bivu. Kama hili."

"Tazama vidole vyako."

Nikavitazama. Nilikuwa nimekata papai zima. Vilikuwa vimelowa, vinateleza. Havikunata.

"Papai bivu halina utomvu wa kunata, Karisa. Nyuma ya jiko lenu kulikuwa na nini?"

Kulikuwa na uzio wa minyaa, ile miti ya maziwa, ambayo tulichapwa tukiichezea, kwa sababu tone moja la utomvu wake hubabua ngozi. Niliweka kisu chini. Nilitaka kunawa, nikashindwa kufungua bomba.

"Baba yako huenda aliuawa na maji machafu ya kisima tu," alisema. "Aliyeuawa na mtu ni bibi yako. Na mtu huyo alihitaji mkono ambao bibi asingeushuku."

Miaka thelathini nilihama mji hadi mji nikidhani namkimbia mchawi. Kumbe nilikuwa naukimbia mkono wangu mwenyewe.

Mwaka haujaisha, dada yangu Kadzo akapiga simu. "Kaka, Baba mdogo kichwa kimekuwa cheupe, na mtoto wa jirani amekufa. Vijana wanataka ale papai Jumamosi. Wanasema yeye akiwa mtuhumiwa, mkubwa wa mji ni wewe, wanakungoja useme."

Nilisema nitafikiri. Sitakuficha: nilisikia utamu mdomoni. Sikuhitaji hata kusema ndiyo, kunyamaza kungetosha. Nikampelekea Mama Korto habari ile nikitumaini ataiita haki. Aliendelea kugonga herufi kwa kidole kimoja, kisha akauliza:

"Na sinia atabeba nani?"

Nikampigia Kadzo palepale.

"Wamemchagua mwanangu Charo," alisema. "Ndiye kipenzi chake. Wanasema cha mkononi mwa Charo babu yake hatakikataa."

Charo alikuwa na miaka minane, na jina ni la baba yangu.

Niliondoka Jumatano. Mama Korto alinisindikiza mpaka mlangoni na mkongojo wake, akanitukana kwa sababu ya koti jepesi nililovaa, akachukua funguo za nyumba yake nilizokuwa nazo. Tulijua wote wawili kwamba sitarudi. Nilikuwa nimemwambia Kadzo mtu yeyote asitie kitu mdomoni mpaka mkubwa wa mji afike. Baba mdogo sikuwa nimemsamehe, na mpaka leo sijamsamehe. Nilikuwa nakwenda kumpokonya mtoto sinia.