Zawadi Iliyokuwa Sakafuni kwa Fundi

Juzi nilimwona mtoto wa jirani ameinama kwenye kibaraza cha fundi cherehani, anaokota vipande vya vitenge. Nikakumbuka mchana mmoja sokoni Tandika, siku yangu ya kuzaliwa, shangazi aliponipeleka nichague zawadi.

Alinionyesha mwanasesere anayefumba macho. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha gari, nikatikisa tena. Nyumbani nilikuwa nikiyavisha magunzi ya mahindi nguo za karatasi, nazo zilichanika kila siku.

Tukapita kwa fundi cherehani wa pale sokoni; palinuka mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa. Niliketi sakafuni, nikakumbatia furushi la vipande.

"Nataka hivi."

"Matambara?" shangazi akashtuka. "Wifi atasemaje? Hebu inuka!"

Fundi alicheka. "Mwache, dada. Hivyo mie nafutia mashine tu."

Nilikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, lakini sikuinuka. Shangazi akajiziba uso kwa mtandio. Nilidhani moshi wa pasi unamsumbua. Sasa najua aliona aibu, maana wapita njia walikuwa wamesimama kututazama, wakimwona kama anamnyima mtoto zawadi ya maana.

Alinivuta mkono mara mbili. Mara ya tatu akaniachia, akamgeukia fundi.

"Basi mpe na uzi. Na sindano." Kisha akaniinamia. "Ukijichoma, usije kunililia."

Nilijichoma jioni ileile, kwenye kidole gumba. Nikakinyonya, nikaendelea kushona.